Hapa Tu

Jeneza la baba mdogo lilikuwa limeshatoka. Wanaume walilibeba kwa kupokezana mpaka kona ya barabara, sauti zao za "La ilaha illallah" zikawa zinafifia taratibu, na sisi wanawake tukabaki uani chini ya turubai pamoja na masufuria, watoto na vilio.

Mwenzangu wa kazini, dada mmoja mwenyeji wa Rombo, akaja kukaa karibu yangu mkekani. Alikuwa amejifunga khanga juu ya sketi ya ofisini. Akanishika mkono.

"Pole sana mdogo wangu."

"Nishapoa, dada."

Akanyamaza kidogo, akatazama lango walikopita wanaume, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, yenye huruma kabisa:

"Kwa hiyo mnamzika hapa tu?"

Nikajibu, "Ndiyo dada, hapa tu." Nikayarudia maneno yake yaleyale, kama mtoto anayefuatisha mwalimu ubaoni. Kisha nikanyanyuka kwenda kuangalia wali ambao haukuhitaji kuangaliwa.

Hakuwa na ubaya, na nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea. Alikaa nasi mpaka magharibi, akaosha vyombo, akambembeleza mama mdogo mpaka akanywa uji. Alichouliza ndicho ambacho angemuuliza mtu yeyote aliyemhurumia.

Hiyo ilikuwa Novemba. Leo ni Januari na neno "tu" halijanitoka kichwani.

Kwenu wapi?

Anayeishi Moshi hahitaji kusimuliwa Desemba. Foleni ya magari kutoka Dar, bei ya mbuzi, ndugu zetu Wachagga wanaopanda mlimani "kuhesabiwa" kama tunavyowatania. Anayefia Mwanza au ughaibuni huletwa alale mgombani, kwenye kihamba, shamba la ukoo, cha baba yake, karibu na masale yaliyopandwa na waliomtangulia. Mtu kwao.

Sisi wa Njoro na Majengo, mitaa ya mjini huku chini, huwa tunawapisha barabarani na kuwapungia mkono.

Nikiwa darasa la nne, mwalimu alitusimamisha mmoja mmoja tutaje kwetu. Marangu. Uru. Usangi. Kibosho. Zamu yangu nikasema, "Njoro." Darasa zima likacheka. "Siyo unapokaa," mwalimu akasema, wala hakuwa mkali. "Kwenu." Jioni nikamuuliza baba. Alifikiri muda mrefu kuliko nilivyotegemea, halafu akasema, "Sema Tabora."

Nimesema Tabora kwa miaka thelathini. Sijawahi kukanyaga Tabora.

Katika ukoo wetu mzima, aliyewahi kwenda ni mmoja, na ndiye tuliyemzika. Baba mdogo alikwenda miaka ya sabini akiwa kijana, kwa treni mpaka Dar na kwa treni nyingine mpaka Tabora, kumtafutia babu yake, babu mkuu wetu sisi, kwao. Alikuwa na maneno mawili tu ya kumsaidia. La kwanza ni salamu, "mwangaluka", ambayo babu yake alikuwa akiitoa kila asubuhi mpaka anakufa. La pili ni jina ambalo Moshi nzima ilimwita: Mnyamwezi.

Akafika. Akasalimia "mwangaluka" na watu wakamfurahia, wakamkaribisha, wakampa chakula. Kisha wazee wakaanza kumuuliza maswali ya kiutu uzima. Ukoo gani? Upande gani? Chini ya mtemi yupi? Hakuwa na jibu hata moja. Alipowaambia kwamba huko Moshi babu yake aliitwa Mnyamwezi, wakatazamana. Hapo walipokaa, kila mtu alikuwa Mnyamwezi.

Alirudi na chupa ya asali na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Alikuwa akitusimulia kwamba michembe ile aliila njiani polepole, kipande kimojakimoja, akisubiri ulimi wake ukumbuke kitu.

Haukukumbuka.

Jina la upande

Wiki mbili baada ya mazishi nikaanza kusoma usiku, watoto wakishalala. Nilikuwa natafuta Tabora yangu. Nilichokipata kilinivuruga zaidi.

"Wanyamwezi" ni jina walilopewa na watu wa pwani, na maana yake iko karibu na "watu wa magharibi", kule mwezi mwandamo unakoonekana. Wao kwa wao walikuwa watu wa mtemi fulani, wa nchi fulani ndogo. Hata jina la Wasukuma ni hivyohivyo: sukuma ni kaskazini, na dakama ni kusini. Ni majina ya pande. Kila moja linategemea anayelitamka amesimama wapi. Na katika njia za misafara, mtu yeyote aliyetoka bara ya huko akiwa na mzigo kichwani au begani aliweza kuitwa Mnyamwezi, awe Msukuma, Msumbwa au Mkimbu. Ilikuwa kama jina la kazi. Hata ile "mwangaluka" tuliyoitunza kama hirizi, Wasukuma nao wanaamkiana hivyohivyo.

Usiku ule nilikaa sebuleni bila kuwasha taa. Miaka yote hiyo nilidhani tumepoteza kijiji tu na kabila tunalo. Kumbe hata kabila lenyewe lilikuwa ni kidole kinachoonyesha upande alikotokea babu mkuu.

Mwacha asili ni mtumwa, wanasema. Sasa asiyeijua asili ya kuiacha ni nani?

Nilimpigia kaka yangu simu usiku uleule nikamsomea. Akasikiliza mpaka mwisho. "Sasa baba alituambia tuseme Tabora kwa nini?" akauliza. Nikamwambia nadhani ni kwa sababu mtoto akiulizwa lazima awe na cha kusema.

Mji nao ulihama

Kitu kimoja ambacho nyumbani kilisemwa bila shaka yoyote ni kwamba babu mkuu "alikuja na reli". Nikaamua nianzie hapo, maana reli ina tarehe.

Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893. Ilikwenda kwa kusuasua: Korogwe 1902, Mombo 1905, Buiko 1909. Ilifika Moshi mwaka 1911, zaidi ya kilomita 350 kutoka baharini. Watu wengi wa bara waliokuwa wakiitwa Wanyamwezi walifanya kazi kwenye njia ile na kwenye mashamba ya Usambara, na wengine walitembea na wake zao, wakihama kambi moja hadi nyingine kadiri mataruma yalivyosogea.

Lakini Moshi ya wakati ule haikuwa hapa. Boma la Wajerumani lilikuwa juu, Old Moshi, kule walikomnyonga Mangi Meli mwaka 1900. Reli haikupanda mlima. Ilisimama chini tambarare, na mji ukashuka kuifuata. Stesheni ilitangulia, yakafuata maduka, zikafuata njia za mitaa, mpaka huku chini kukawa ndiko Moshi na kule juu kukabaki Moshi ya zamani.

Niliposoma hivyo nilisimama kabisa. Nikatembea sebuleni.

Alipofika yeye, mji wenyewe ulikuwa ndiyo unawasili. Hakukuwa na mwenyeji wa Moshi mjini mwaka 1911. Alilala kambini pembeni ya reli kabla ya kuwepo mnara wa saa, kabla ya kuwepo soko la Mbuyuni, kabla ya Majengo kuitwa Majengo.

Kwa siku mbili tatu nilitembea mjini na furaha ya ajabu, kama mtu aliyeokota hati ya kiwanja chake.

Kisha furaha ile ikaanza kunitia wasiwasi. Tambarare ile haikuwa tupu. Watu wa mlimani walikuwa wakishuka kulima huku, wengine wakichunga, na reli ileile ndiyo iliyowaletea walowezi walioichukua ardhi kwa maekari. "Tulikuta pori" ni maneno ya nani? Si ni ya waliokuja na ramani na bunduki? Babu mkuu hakuja na bunduki, alikuja na nyundo na mgongo wake, na hakupewa hata shubiri. Lakini nyundo yake ndiyo iliyowafungulia wengine njia. Jambo hili nimelizungusha kichwani mara nyingi na sijalimaliza. Naliandika hapa kwa sababu nisingependa kudai kwetu kwa kumfutia mwingine kwao.

Mapema Desemba, tukinywa chai ofisini, nilimsimulia dada yule wa Rombo. Nilikuwa naogopa atajisikia vibaya kwa lile swali lake, kwa hiyo nilianzia mbali, kwenye reli. Alisikiliza, akaweka kikombe chini.

"Hata sisi," akasema, "wazee wanasema ukoo wetu ulitokea Ukambani."

"Ukambani Kenya?"

"Ndiyo. Walikuja, wakapewa mahali, wakapanda migomba. Ila hiyo ni zamani sana."

Tukakaa pale tukijaribu kuhesabu vizazi kwenye vidole, yeye vyake, mimi vyangu. Vyake vilizidi. Lakini vilikuwa na mwisho.

Sugu

Siku iliyofuata nikaenda Majengo kwa Bibi.

Bibi ni dada yake babu, mtoto wa mwisho wa babu mkuu, na ndiye pekee aliye hai kati ya waliomwona kwa macho. Ana miaka tisini na kitu. Masikio yamechoka, lakini ukikaa upande wake wa kulia na kusema polepole anasikia kila neno.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekonda. Ni msiba?"

Nikamwambia ni msiba, na ni swali. Nikamweleza swali lenyewe. Alicheka kidogo, akaomba asaidiwe kuvuta sanduku lake la bati kutoka chini ya kitanda. Ndani, chini ya khanga za arusi za watu waliokwishakufa, alitoa fundo la kitambaa, na ndani ya fundo mlikuwa na sarafu ya shaba nyekundu iliyotobolewa tundu. Heller ya Mjerumani. Tarakimu za mwaka zimesuguliwa mpaka zimelala. Tundu lake limepanuka upande mmoja, palipokaa uzi kwa miaka mingi.

"Hela ya baba," akasema. Na nilipoishika ndipo nilipotambua kwamba neno hilo tunalolitamka kila siku dukani lilitoka hapa, kwenye kipande hiki cha shaba, na kwamba katika chumba kile lilikuwa limerudi kwao.

Nikamuuliza alikuwaje.

Hakuanza na sura. Alipeleka mkono wake kwenye bega langu la kushoto, akabonyeza kwa kidole gumba pale shingo inapoungana na bega. "Hapa palikuwa pagumu. Kama kisigino. Nilipokuwa mdogo akinibeba nilikuwa naweka shavu hapo, panakwaruza."

Ilikuwa sugu ya mizigo. Vita vilipokuja mwaka 1914 alishikwa akabeba kwa Mjerumani. Machi 1916 Waingereza walipoingia Moshi, akashikwa akabeba kwa Mwingereza. Bibi anasema baba yake hakupenda kusimulia, ila alikuwa akisema waliokufa njiani walikuwa wakifukiwa palepale walipoanguka, na mwenye nguvu akiongezewa mzigo wa aliyefukiwa.

Pale Dar, katikati ya Barabara ya Samora, kuna sanamu ya askari mwenye bunduki iliyowekwa mwaka 1927. Nimepita hapo mara nyingi. Chini yake yameandikwa maneno ya kuwakumbuka askari wa Kiafrika na pia wapagazi, waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na mwishoni mna ahadi kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako.

"Bibi, jina lake hasa lilikuwa nani?"

Alitazama mlangoni. "Mama alimwita baba fulani, kwa jina la mtoto. Watu walimwita Mnyamwezi. Msikitini walimpa jina jingine alipoingia dini. Lile la kwanza hakuna aliyemuuliza."

Nikaona machozi yananijia, nikainamia sarafu.

"Alikuwa akisema kwao ni wapi?"

"Hakusema 'kwetu'," Bibi akajibu. "Alikuwa akisema 'nilikotoka'. Nilikotoka tulikuwa tunakula hivi, nilikotoka mvua inakuja hivi. 'Kwetu' alikuwa akisema akitoka kazini. Jua limezama, narudi kwetu."

Reli iliposonga mbele

Nilidhani mazungumzo yamekwisha. Nilikuwa nafunga fundo la kitambaa Bibi aliponishika mkono.

"Hukuniuliza kwa nini hakwenda Arusha."

Sikujua kama kulikuwa na habari ya Arusha.

Ni kwamba kwa miaka mingi reli iliishia Moshi. Ilipoanza kusogezwa kwenda Arusha, ikafika huko mwaka 1929, wanyapara walipita kambini na mitaani kuandikisha watu. Babu mkuu akajiandikisha. Ndiyo kazi aliyoijua: njia ikisogea, unasogea nayo. Tangu ujana wake hakuwahi kukaa mahali ambapo reli imepaacha nyuma.

Alirudi nyumbani akamwambia mkewe afunge vitu.

Mkewe alikuwa Mpare wa Ugweno. Alimpata baada ya vita, kwa namna ambayo Bibi aliipita haraka na mimi sikumsukuma. Siku ile alikuwa anatwanga. Hakuacha kutwanga. Mtoto wao wa kwanza, msichana, alikuwa amekufa kwa homa kabla hajatimiza miaka mitatu na alizikwa makaburini, upande wa chini. Kila Alhamisi jioni mama yake alikuwa akienda kukaa pale.

Akasema, na maneno haya Bibi aliyapata kwa mama yake mwenyewe: "Wewe nenda na reli yako. Mimi mwanangu simwachi hapa peke yake."

Mwanamume akaenda. Walimaliza miezi kadhaa bila habari yake. Kisha asubuhi moja, mvua za vuli zikinyesha, alitokea kwa miguu, matope mpaka magotini, amebeba begani gunia la viazi. Akaliweka chini. "Mwangaluka," akasema. Hakujiandikisha tena kazi ya kuhama. Akapata kibarua cha kupakia magunia stesheni, na kahawa ya mlimani, ya vyama vya wakulima, KNPA na baadaye KNCU, ikapita begani mwake kwenda baharini mpaka alipozeeka. Ya Rombo nayo, bila shaka.

Nilitembea kwa miguu kurudi Njoro, sikutaka bodaboda.

Siku zote nilikuwa nikimtafuta babu mkuu kama mtu aliyeamua kuhamia hapa. Hakuamua. Alisimamishwa. Aliyeamua ni mwanamke ambaye katika hesabu zetu za "kwenu wapi" hatumtaji kabisa, kwa kuwa kwetu tunakuhesabu kwa baba. Ugweno tunakujua. Baba huenda kwenye misiba yao na sukari na sanda, na wao walikuja kwenye huu wetu. Jina la kijiji chao tunalo, na njia ya kupanda tunaijua. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kujibu "Ugweno" shuleni. Na mwanamke huyohuyo, aliyekuwa na kwao kunakojulikana, aliyeweza kufunga vitu vyake akapanda mlima wake kurudi kwa baba yake, alichagua kukaa kwenye tambarare yenye joto na mbu kwa ajili ya kaburi lenye urefu wa mkono mmoja.

Sisi sote tumetoka pale. Babu yangu alizaliwa baada ya pale. Bibi pia.

Hatua arobaini

Ijumaa iliyopita nilikwenda makaburini na kaka yangu, baada ya watu kutoka msikitini. Tulianza kwa baba mdogo. Udongo umeshaanza kushuka. Mtu amepanda mrehani kichwani, nadhani ni mama mdogo, umeshika vizuri. Tukasoma Fatiha, tukamwagia maji.

Kisha tukamtafuta yule mtoto. Bibi alikuwa amenielekeza: ukiingia mlangoni elekea mlima, hesabu hatua arobaini za mtu mzima, kulikuwa na mkwaju, na baba na mama yake nao walilazwa hapo karibu naye. Mkwaju haupo. Kaka yangu alihesabu kwa sauti, mimi nyuma yake, tukipita kwa uangalifu kati ya vilima vya udongo, vingine vina vibao, vingi havina. Hatua ya arobaini ilituangusha kwenye kaburi jipya la saruji, la mtu wa juzi tu. Tukarudi tukahesabu upya na hatua fupi zaidi. Tukafika kwenye majani matupu na mawe matatu ambayo yangeweza kuwa alama na yangeweza kuwa mawe tu. Mawingu yalikuwa yamefunika mlima, hata upande wenyewe tulikuwa tunaukisia.

Jioni nikapita Majengo kumwambia Bibi kwamba hatukupaona.

Alikuwa anakunywa uji. Akauliza, "Mlihesabu kutoka mlango upi?"

Nikamwambia mlango wa barabarani. Upo mmoja tu.

"Aa," akasema, akaweka kikombe chini. "Huo wameuweka juzi. Zamani tulikuwa tunaingilia upande wa relini."

Kaka yangu anasema Ijumaa hii ana nafasi kuanzia saa kumi.